Fidia ya Starehe

Kuna nchi moja ambayo sheria yake inamtaka kila anayeitaja kwa jina asimame wima, mikono ubavuni, mpaka mwangwi wa jina hilo uishe. Msimulizi wa habari hii ana goti bovu, na habari yenyewe si fupi. Kwa hiyo jina la nchi tutaliacha lipumzike. Inatosha kusema kwamba ni nchi nzuri, ina mito mingi, na viongozi wengi kuliko mito.

Katika nchi hiyo, kwenye bonde la Ngegu, alikaa mama mmoja aliyeitwa Sikudhani binti Mlekwa. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti nzito ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto akageuka. Alilima magimbi. Majirani walisema magimbi ya mama Sikudhani huiva kabla maji hayajachemka, lakini hayo yalikuwa maneno ya majirani wanaotaka kuonjeshwa. Alikuwa na binti mmoja, Chiku, aliyeolewa palepale bondeni na fundi baiskeli. Hakuidai serikali kitu, na serikali nayo haikumdai kitu isipokuwa kura, ambayo ilimpigia yenyewe ili asisumbuke kutembea.

Basi siku moja serikali ikaona vema kwamba bonde la Ngegu lipate bwawa la umeme. Halikuwa bwawa kubwa. Mabingwa waliolichora walisema likijaa litatoa umeme wa kuwasha taa za kijiji kimoja, au wa kupiga pasi suti za Baraza zima la Mawaziri, ila si vyote viwili kwa mpigo. Ukuta wake ulikuwa wa udongo ulioshindiliwa, na chini yake kukawekwa lango la chuma. Lango likifunguliwa, maji yatapita kwenye mtambo, mtambo utazunguka, umeme utazaliwa, na maji yataendelea na safari yake mtoni. Hata mtoto mdogo aliuelewa mpango huo. Mawaziri wao walihitaji semina, tena ya ufukweni.

Watu wa bondeni wakahamishwa. Wakajengewa vibanda vya mabati mahali palipoitwa Makazi Mapya, chini kabisa ya ukuta wa bwawa, upande ule maji ya lango yanakotokea. Mtu mmoja aliuliza kwa nini wawekwe pale hasa. Akajibiwa kwamba ni ili umeme ukitoka usipate taabu ya kuwatafuta. Kila kibanda kikafungwa nyaya, taa moja na swichi moja, na watu wakaambiwa wasubiri.

Kisha ikaja siku ya fidia. Alikuja Waziri wa Starehe, Mheshimiwa Bashasha, mtu mfupi mnene aliyevaa nishani nyingi kifuani hata akipiga chafya zinalia kama vijiko. Watu wakakusanywa juani. Waziri akapanda jukwaani, chini ya kivuli.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu imekaa ikawaza. Imejiuliza, mkulima anahitaji nini? Shamba? Shamba alikuwa nalo tangu azaliwe, na limempa nini? Nawauliza ninyi wenyewe, limewapa nini?"

"Chakula," alijibu mama Sikudhani kutoka nyuma.

"Migongo!" alisema Waziri. "Limewapa migongo! Sasa imetosha. Kila aliyetoa shamba lake kwa bwawa hili hatalipwa shamba jingine, maana sisi si wakatili. Atalipwa starehe! Juu ya shamba lako kutakuwa na maji, juu ya maji kutakuwa na mashua, na ndani ya mashua utakuwamo wewe, umestarehe, juu ya shamba lako mwenyewe! Ni nchi gani nyingine mtu anakaa shambani mwake kutwa nzima bila kushika jembe?"

Makofi yakapigwa. Walioanza walikuwa wameletwa na lori kwa kazi hiyo, na wengine wakafuata kwa adabu.

"Na mtu asipoitaka hiyo starehe, baba?" aliuliza mama Sikudhani.

Waziri akamtazama kwa huruma. "Mama yangu, starehe ni haki yako. Na katika nchi hii, haki ni ya lazima."

*

Bwawa likajaa, likapewa jina la Ziwa la Furaha, na kila Alhamisi watu wa Makazi Mapya wakapandishwa juu kwenda kulipwa.

Aliyewapandisha alikuwa Afisa Starehe, kijana mmoja mwembamba aliyeitwa Fikirini. Serikali ilimleta kutoka mbali, ikampa filimbi, miavuli ya rangi na amri nyingi. Alikuwa mwenye heshima, mwenye kukimbia huku na huku, shati limemganda mgongoni. Anapuliza filimbi, anafunga miavuli, anavuta mashua, anamwita huyu, anamtuliza yule. Watu walimwonea huruma, wakawa wanafika mapema ili asipate shida ya kuwafuata.

Mashua zenyewe zilikuwa na umbo la bata. Zilipakwa rangi ya manjano, zina macho makubwa na kope, na ndani kuna viti viwili na pedeli kama za baiskeli. Usipokanyaga, bata haliendi. Ukikanyaga, huenda polepole huku likilia nyi-nyi-nyi, na baada ya muda mapaja yanawaka moto. Mama Sikudhani alikuwa amelima miaka yote hiyo na hakuwahi kutoka shambani akiwa amechoka kama alivyochoka siku ya kwanza ya kustarehe.

"Bwana Fikirini," alisema alipofika ufukoni, akijishika kiuno, "hii starehe yenu ina jembe lake."

"Vumilia, mama," alinong'ona Fikirini. "Na utabasamu kidogo. Kuna mkaguzi pale mtini."

Ni kweli alikuwapo mkaguzi, ana darubini. Kazi yake ilikuwa kutazama nyuso. Aliyekutwa ndani ya bata akiwa na uso wa mtu anayewaza aliongezewa starehe. Mzee Komba alikutwa akiwaza mara moja tu, kuhusu mbuzi wake, akaongezewa starehe mpaka akalazwa zahanati na miguu imevimba. Zahanati ikaandika kwamba amezidiwa na furaha.

Jambo la umeme nalo likawa hivi. Ili umeme utoke, lango lilipaswa kufunguliwa. Lango likifunguliwa, maji yanapungua. Maji yakipungua, ufuko unakuwa tope, na viti vya wageni vitatazama tope. Wizara ya Umeme na Wizara ya Starehe zikagombana, na kwa kuwa Waziri wa Umeme alikuwa hacheki vizuri kwenye karamu, akashindwa. Ikaamuliwa lango lisifunguliwe kabisa. Umeme, Redio ya Taifa ilieleza, haujakosekana. Umo majini, umehifadhiwa. Mhandisi wa bwawa aliyelalamika akapandishwa cheo, akafanywa balozi wa maji katika nchi yenye jangwa tupu. Taa za rangi zilizozunguka ziwa zikawashwa kwa jenereta la dizeli, na jenereta hilo likawekwa juu ya jiwe lililochongwa maneno haya: NGUVU YA MAJI.

Makazi Mapya wakaendelea na vibatari vyao.

*

Mwaka ule masika yalikuja kwa hasira. Ilinyesha asubuhi, ikanyesha mchana, ikapumzika kidogo kama mtu anayevuta pumzi, ikanyesha tena. Mto Ngegu ukaleta maji mekundu kutoka milimani, na lango limefungwa. Ziwa la Furaha likapanda. Likaifunika ngazi ya kushukia kwenye mabata, likaifunika nyasi iliyopandwa, likafika karibu na utosi wa ukuta.

Wakati huohuo Chiku, binti wa mama Sikudhani, alijifungua mtoto wa kike. Mumewe alikuwa amekwenda mjini kutafuta vipuri vya baiskeli na barabara ikakatika nyuma yake, kwa hiyo mama Sikudhani alihamia kibandani kwa binti yake kumkanda, kumpikia uji wa pilipili manga na kumlea mzazi mpaka arobaini itimie.

Asubuhi moja alikwenda kuwasha moto akakuta mafiga yamekaa ndani ya maji. Paa halikuvuja. Alipiga magoti akatazama. Maji yalikuwa yanatoka chini, kwenye udongo, upande ule kibanda kinaegemea ukuta wa bwawa. Yalikuwa mekundu na ya baridi. Aliyachota kwa kiganja, akayaacha yamwagike.

Hakumwambia Chiku. Alihamishia mafiga upande wa pili, akapika uji, akamnywesha, kisha akajitanda khanga akapanda kwenda kumtafuta Fikirini. Alimkuta peke yake juu ya ukuta, mvuani, anatazama maji.

"Mwanangu," alisema, "ukuta unatoka jasho."

"Najua, mama. Ni wa udongo. Maji yakianza kupita juu yake, yatauchimba kama sukari."

"Na chini kuna watu."

"Najua, mama."

"Basi si ufungue hilo lango! Mto utayachukua maji taratibu, hautamdhuru mtu."

Fikirini akafuta uso. "Nimepiga simu Wizarani asubuhi, nimepiga tena sasa hivi. Wamesema Jumamosi ni Sikukuu ya Starehe ya Taifa. Kiti kinakuja. Wamesema Kiti lazima kikute ziwa limejaa, na atakayepunguza hata ndoo moja kabla ya hapo atakuwa ameiba furaha ya taifa."

Hapa ni lazima kueleza habari ya Kiti. Mkuu wa Wakuu wa nchi ile alikuwa amezeeka, na safari zilimchosha. Kwa hiyo kwenye sherehe zote kilikwenda kiti chake. Kilisafiri kwa gari lake, kina walinzi wake, kinapigiwa mizinga, kinaimbiwa na watoto wa shule. Ilikuwa mwiko kwa mtu yeyote kukigusa, sembuse kukisogeza, baada ya kuwekwa mahali pake. Na kwa sababu ambazo kila raia alizifahamu bila kufundishwa, katika nchi ile neno "kutoa" na neno "kiti" hayakutamkwa katika sentensi moja. Badala yake mafundi seremala walikuwa wakisema "kuiaga samani".

"Tuwahamishe watu basi," alisema mama Sikudhani.

"Wamekataza. Watu wakihama sikukuu itakosa wastarehe. Wameweka askari barabarani. Mama, jina lako limetoka. Wewe ndiye utakayepanda bata moja na Waziri. Walitaka mjane mwenye mwili, anayependeza kwa picha."

Mama Sikudhani akayatazama maji tena, kisha akageuka akatazama upande wa chini, kwenye kibanda chenye nepi zilizoanikwa chini ya paa. Alishuka akarudi kwa binti yake.

*

Jumamosi mvua ilikatika, jua likatoka, na Redio ya Taifa ikatangaza kwamba hali ya hewa imetii.

Kiti kilifika na msafara wa magari. Kilikuwa cha mti mweusi, kina mto mwekundu wa kukalia na miguu iliyochongwa kama ya simba. Kikawekwa ufukoni, hatua moja kutoka majini, kama itifaki ilivyopanga kutoka mji mkuu kwa kutumia picha ya mwaka uliopita. Walinzi wanne wakasimama pembe nne. Bendi ikapiga. Mheshimiwa Bashasha akaenda mbele ya Kiti, akainama, akakiuliza kama kimesafiri salama. Kiti hakikulalamika.

"Ndugu wananchi!" Waziri alisema akiwa ameshika kipaza sauti kisicho na waya, na sauti yake ikavuma katika spika zilizofungwa kila mti, na kupitia redio ikaenda nchi nzima. "Leo ni siku ya starehe tupu. Leo kazi ni haramu! Natangaza: yeyote atakayeonekana anafanya kazi leo, ya mkono au ya mguu, atashitakiwa!"

Fikirini alikuwa hayupo ufukoni. Tangu alfajiri alikuwa amesimama juu ya ukuta, penye usukani wa chuma wa kufungulia lango. Mkono wake ulikuwa juu ya usukani na macho yake juu ya maji.

Waziri akaingizwa ndani ya bata kubwa kuliko mengine. Koti la kuelea alilikataa kwa kuwa lingefunika nishani. Upande wake pedeli zilikuwa zimetandikiwa zulia, maana si heshima waziri kurusha miguu. Mama Sikudhani akaketi upande wa pili, amevaa khanga mpya aliyopewa na Wizara, iliyoandikwa STAREHE NI WAJIBU. Akakanyaga. Bata likaondoka, nyi-nyi-nyi, na mabata mengine yakafuata nyuma, yamejaa watu wa Makazi Mapya wanaotabasamu kwa nguvu zao zote.

Waziri alikuwa anahutubia bila kupumzika. Alizungumza juu ya historia ya starehe, juu ya maadui wa starehe, juu ya kupumzika kama silaha. Mama Sikudhani hakumsikiliza. Alikanyaga kuelekea ukutani. Walipokaribia, aliona kwamba maji yamebakiza upana wa kiganja tu kufika juu. Kila upepo ukivuma wimbi dogo lilipanda likalamba utosi wa ukuta, likachukua udongo kidogo, likarudi jekundu. Na zaidi ya ukuta, chini kabisa, aliyaona mapaa ya Makazi Mapya, kama mtu aliye ghorofani anavyoona vibanda vya kuku. Paa la Chiku lilikuwa la tatu. Moshi ulikuwa unatoka. Mzazi alikuwa amejiamkia mwenyewe kupasha uji.

Miguu ya mama Sikudhani ikaacha kukanyaga.

Bata likasimama. Waziri akaendelea na sentensi mbili, kisha akageuka, akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Mbona tumesimama?"

"Nastarehe, Mheshimiwa."

"Vizuri, mama, vizuri sana. Lakini kanyaga."

"Kukanyaga ni kazi, baba. Na wewe mwenyewe umetangaza sasa hivi: ya mkono au ya mguu."

Waziri akacheka kicheko cha picha. Upepo ukavuma. Bata likaanza kusogea lenyewe, ubavu mbele, kuelekea ukutani. Kicheko kikakatika.

"Mama, tunakwenda wapi?"

"Tunakokwenda mimi sikujui. Anayejua ni maji. Yakipasuka hapo, tutapita na bata letu hadi jikoni kwa binti yangu. Ana mtoto hata arobaini hajatimiza." Akamgeukia Waziri. "Unajua kuogelea?"

"Nina shahada ya heshima ya kuogelea!"

"Hiyo ya heshima ndiyo inayoelea?"

Waziri akatazama maji mekundu, akatazama ukuta, na kwa mara ya kwanza akaona kilichokuwa chini yake. Uso wake ukawa kama uji uliopoa. "Fungua wewe," alisema. "Namaanisha, mwambie yule afisa afungue. Mimi siwezi! Nikiamuru maji yapunguzwe mbele ya Kiti, kesho mimi si waziri. Kesho mimi si kitu!"

Mama Sikudhani alimtazama mtu yule mdogo mwenye nishani nyingi, na akagundua kwamba anaogopa kama yeye, ila kwa jambo jingine. Akageuza shingo kutazama ufukoni. Maji yalikuwa yamepanda tangu asubuhi, na ile hatua moja ya itifaki haikuwapo tena. Miguu ya simba ya Kiti ilikuwa ndani ya maji. Walinzi wanne walikuwa wamesimama wima, wamezama mpaka magoti. Watu wa itifaki walikuwa wanakimbia kulia na kushoto kama siafu waliomwagiwa majivu, na hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono.

"Mheshimiwa," alisema mama Sikudhani, "hebu tazama kule."

Waziri akatazama. Kiganja chake kikateleza kutoka kwenye kipaza sauti.

"Maji yakipanda kidogo tu," alisema mama Sikudhani, na sauti yake ya kuitia watu ng'ambo ya mto ikatoka katika spika zote, mti kwa mti, na redio ikaipeleka nchi nzima, "yatamtoa Mkuu wa Wakuu kitini."

Bendi ikanyamaza. Mpiga tarumbeta alibaki ameshikilia pumzi, mashavu yamejaa. Mkaguzi wa nyuso akaangusha darubini. Inasemekana katika mji mkuu maofisa wawili waliingia chini ya meza zao, na mmoja akakiri makosa ambayo hakuulizwa.

"Usitamke!" Waziri alilia.

"Mimi nimetamka tu. Maji ndiyo yanatenda. Na kesho wataulizana, waziri aliyekuwa juu ya maji yenyewe alifanya nini?"

Watu huwa na nyakati zao za kuelimika. Mheshimiwa Bashasha alielimika hapo hapo. Alisimama ndani ya bata, bata likayumba, nishani zikalia, akapiga kelele katika kipaza sauti:

"Mapinduzi! Maji yanapindua! Fungueni lango! Yatoeni! Yafukuzeni! Fungueni, nasema, kwa jina la Kiti!"

Fikirini alikuwa ameshaanza kabla ya neno la pili. Usukani haukuwa umezungushwa tangu kufungwa kwake, na kutu ilikuwa imeushika. Alining'inia juu yake kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi. Ndipo mabata ya Makazi Mapya yakageuka yote kwa pamoja. Wanawake wakarukia ukutani, khanga zimekazwa viunoni, wakaushika usukani kila upande, na Mzee Komba wa miguu iliyovimba akawa anahesabu: "Haya! Tena! Haya!"

Usukani ukalia. Ukazunguka. Chini ya ukuta kukatoka mngurumo kama wa ng'ombe mia. Maji yakaruka kupitia lango, yakapita katika mtambo ambao haukuwa umewahi kuonja maji, mtambo ukakohoa, ukatema chura na majani, ukazunguka. Na mto Ngegu ukayapokea maji, ukajaa ukingo kwa ukingo, haukuvuka.

Mama Sikudhani alikuwa bado anatazama chini. Aliona jambo ambalo hakulitegemea. Katika Makazi Mapya taa zikawaka, mchana kweupe, kibanda kwa kibanda. Swichi zilikuwa zimeachwa wazi tangu siku zilipofungwa, kwa kuwa watu walikuwa wamesahau upande upi ni wa kuzima. Chiku akatoka mlangoni, mtoto kifuani, akatazama ndani ya kibanda chake kwa mshangao kama mtu aliyeingiliwa na mgeni.

Ndipo mama Sikudhani akaanza kukanyaga tena kurudi ufukoni.

*

Jioni ile ile Redio ya Taifa ilitangaza kwamba jaribio la mapinduzi limezimwa na Mheshimiwa Bashasha. Akapewa nishani nyingine, na kwa kuwa kifuani hapakuwa na nafasi, akaivaa mgongoni. Maji yakashitakiwa kwa uhaini, yakahukumiwa bila kuwapo mahakamani, maana yalikuwa yameshatorokea baharini. Ikatolewa amri kwamba lango liachwe wazi kidogo siku zote, ili maji yasikusanyike tena bila kibali. Hivyo taa za Makazi Mapya zikaendelea kuwaka, ingawa kwa kufifia, hasa asubuhi, mawaziri wanapopiga pasi.

Lakini palibaki swali la yule mama aliyetamka. Kumshitaki kwa maneno yake kulihitaji mwendesha mashitaka ayarudie maneno hayo mbele ya hakimu, na hakupatikana mwendesha mashitaka wa kujitolea. Kwa hiyo mama Sikudhani alishitakiwa kwa kustarehe kupita kiasi, mahali pa starehe, siku ya starehe.

Hakimu alimtazama juu ya miwani.

"Umeonyesha kwamba starehe huiwezi," alisema. "Mahakama hii inakupiga marufuku kustarehe maisha yako yote. Usionekane ziwani. Usiguse bata. Kuanzia sasa utafanya kazi, tena ngumu!"

"Kazi gani, Mheshimiwa?"

"Kulima!"

"Nitalima wapi? Sina shamba."

Hakimu akashauriana na karani. Ilikuwa wazi kwamba adhabu ya kulima bila shamba haitatekelezeka, na mahakama ile ilijivunia adhabu zake kutekelezwa. "Utapewa shamba," alisema kwa ukali. "Kando ya mto. Tena lenye rutuba, ili usipate kisingizio cha kupumzika!"

Mama Sikudhani akainamisha kichwa, akatoka nje taratibu kama mtu aliyepigwa. Alipopinda kona akashika ukuta wa mahakama, akacheka mpaka machozi yakamlowesha khanga.

Habari ilifika Makazi Mapya kabla yake. Wiki hiyo hiyo Mzee Komba alijipeleka mwenyewe kituo cha polisi, akaungama kwamba alisinzia ndani ya bata. Akafungwa shamba. Baada yake akaja mama mmoja aliyepiga miayo kwa makusudi mbele ya mkaguzi, kisha ndugu watatu waliolala chali kwenye nyasi za Wizara wakakataa kuamka. Askari walichoka kukamata. Hakimu alichoka kuhukumu. Kufikia mvua za vuli, kando ya mto Ngegu pote palikuwa pameenea wahalifu wakipalilia, na juu ziwani yale mabata ya manjano yalielea matupu, yamefungwa kamba, yanagongana vichwa.

Siku moja mchana Fikirini akashuka mpaka shambani kwa mama Sikudhani. Alikuwa amekonda zaidi. Wizara ilikuwa imemwamuru idadi ya wastarehe isipungue, naye akawa anavaa kofia tofauti na kupanda mabata yote kwa zamu, moja baada ya jingine, ili mkaguzi apate nyuso za kutazama.

"Mama," alisema, amesimama kwenye tuta, hajui aweke wapi mikono, "nimekuja kukuuliza jambo. Mtu akitaka kupigwa marufuku, anaanzaje?"

"Keti kwanza, mwanangu."

Akaketi kivulini, kwenye jamvi alipokuwa amelazwa mjukuu wa mama Sikudhani. Mama akaenda kumtilia chai ya tangawizi. Aliporudi na kikombe, Fikirini alikuwa ameshalala, mdomo wazi, viatu miguuni, mtoto amemshika kidole.

Akaweka kikombe chini polepole. Wakati huo mkaguzi wa nyuso alikuwa anapita njiani na darubini yake, akasimama, akanyoosha shingo.

"Wewe mama! Huyo si Afisa Starehe? Ana nini?"

Mama Sikudhani alishika jembe lake, akarudi kwenye tuta.

"Usimwamshe," alisema. "Yuko kazini."